Uso Chini ya Helmeti: Uchambuzi wa Kisa cha Mwigizaji wa Nafasi za Kando katika Filamu za Bunilizi za Japani

Maelezo ya awali

Kisa kinachochambuliwa hapa ni cha mwigizaji wa Kijapani ambaye mwaka 1957, akiwa na umri wa miaka 30 na sura yake ikiwa imeanza kutambulika na watazamaji, alipewa nafasi ya mmoja wa wahusika wakuu katika filamu kubwa ya bunilizi ya kisayansi, akaikataa, na badala yake akaomba aigize kiongozi wa wavamizi kutoka sayari nyingine, mhusika ambaye uso wake umefichwa ndani ya helmeti filamu nzima. Hapa ataitwa Bwana M, na herufi hiyo haitokani na jina lake. Jina lake halisi, mahali alikozaliwa na majina ya filamu alizocheza yameachwa ili msomaji aangalie maamuzi badala ya umaarufu. Waongozaji na studio wametajwa kwa majina, kwa kuwa bila wao mazingira ya uamuzi ule hayaeleweki. Anayezijua filamu hizi kwa karibu huenda akamtambua, na hilo halitaharibu somo.

Nimekichagua kisa hiki kwa sababu waigizaji chipukizi hushauriwa, karibu kila mahali, wapiganie dakika nyingi zaidi za uso wao mbele ya kamera, na anayekubali kufunikwa uso huhesabiwa kuwa amekosa la kufanya. Bwana M alikuwa na la kufanya. Alichagua kufunikwa, na maisha yake ya kazi yaliyofuata yanaturuhusu kupima uamuzi huo kwa miaka zaidi ya 30.

Mazingira ya kazi

Katika miaka ya 1950 mwigizaji wa filamu nchini Japani hakuwa mtu wa kuzunguka akitafuta kazi. Alikuwa mwajiriwa. Mwezi Septemba 1953 studio tano kubwa, yaani Shochiku, Toho, Daiei, Shintoho na Toei, zilikubaliana kutonyang'anyana waigizaji wala waongozaji, na mkataba wa kila mmoja ukawa kama uzio: ulimpa mtu mshahara na kazi za mfululizo, lakini ulimfunga kwa mwajiri mmoja. Soko lilikuwa kubwa mno. Mwaka 1958 tiketi zilizouzwa katika majumba ya sinema ya Japani zilizidi bilioni 1.1, na studio zililazimika kutoa filamu mpya wiki hadi wiki ili kushibisha majumba hayo. Mwigizaji wa nafasi za kando angeweza kuwa askari mwezi huu, mpelelezi mwezi ujao, na mwizi mwezi wa tatu, bila kuhofia kwamba nafasi moja mbaya ingemwachisha chakula.

Bwana M aliajiriwa Toho. Studio hiyo ilikuwa na jambo ambalo ni muhimu sana katika kisa hiki: ukuta kati ya filamu zilizoheshimiwa na wahakiki na filamu za madubwana zilizopendwa na umma haukuwa mrefu. Kurosawa Akira, aliyeheshimiwa kuliko wote, na Honda Ishiro, aliyeongoza filamu za madubwana na wavamizi wa anga, walikuwa marafiki tangu walipokuwa wasaidizi wa waongozaji, na mwaka 1949 Honda alikuwa msaidizi wa Kurosawa katika filamu ya upelelezi. Mwaka 1954 Toho ilitoa filamu ya Kurosawa kuhusu samurai mwezi Aprili na filamu ya Honda kuhusu dubwana linaloteketeza Tokyo mwezi Novemba, na mwigizaji Shimura Takashi akabeba nafasi kubwa katika zote mbili. Hakuna aliyeona kwamba alijishusha. Mwigizaji kijana aliyekuwa akitazama mambo hayo kutoka ndani alijifunza kwamba mtu angeweza kuvuka kutoka upande mmoja kwenda mwingine na kurudi.

Yaliyotokea kwa mfuatano

Nafasi iliyomtambulisha Bwana M ilikuwa katika filamu hiyo ya samurai. Aliigiza mkulima mwenye hasira, anayekataa kuwapigia magoti majambazi wanaopora kijiji, na ambaye siri ya mkewe, aliyechukuliwa na majambazi hao, hafunguliwi mtazamaji mpaka filamu imekwenda mbali. Kurosawa alimchukua akaishi nyumbani kwake kwa muda, jambo lililompa kijana huyo elimu ambayo hakuna chuo kingeweza kumpa. Nafasi yenyewe ilikuwa ya uso: macho yanayoepa kutazamwa, taya lililokazwa, kimya cha mtu anayeona aibu kwa dhuluma aliyotendewa.

Mwaka 1955 alikuwa rubani wa jeshi katika filamu ya pili ya dubwana maarufu la Toho. Mwaka huohuo na mwanzoni mwa 1957 alionekana pia katika filamu za Kurosawa kwa nafasi ndogo zaidi.

Kisha ikaja filamu ya Desemba 1957, na uamuzi wenyewe. Baada yake mambo yalikwenda kasi. Mwaka 1959 aliigiza mmoja wa wanaanga ambaye akili yake imetekwa na wavamizi. Mwaka 1960 Honda alimpa nafasi kuu kabisa, ya mtumishi wa maktaba ambaye jaribio la kisayansi limemfanya aweze kugeuka mvuke, na ambaye anapora benki ili kumgharimia mcheza ngoma za jadi anayempenda. Mwaka 1961 alirudi kwa Kurosawa, tena kama mkulima aliyepokonywa mke. Mwaka 1963 alikuwa mpelelezi katika filamu ya Kurosawa kuhusu utekaji wa mtoto, na pia tajiri mwenye jahazi katika filamu ya Honda kuhusu wasafiri wanaokwama kisiwani penye uyoga wa kutisha.

Mwaka 1965 unastahili kutazamwa peke yake. Mwezi Aprili Bwana M alionekana kama tabibu katika filamu ya Kurosawa kuhusu hospitali ya maskini. Mwezi Agosti alikuwa katika filamu ya Honda iliyotengenezwa kwa ushirikiano na Wamarekani. Na mwezi Desemba alikuwa mtawala wa sayari ya mbali, safari hii miwani myeusi ikiwa imefunika macho tu na sehemu ya chini ya uso ikiachwa wazi. Katika nafasi hiyo ya mwisho alibuni mwenyewe sauti za lugha ya watu wa sayari ile, pamoja na ishara za mikono zilizoambatana nayo.

Mwaka 1968 alikuwa mwanasayansi, naye pia ametekwa akili na wavamizi. Baada ya hapo hakuonekana katika mfululizo wa dubwana lile hadi mwaka 1991.

Uamuzi na sababu zake

Kilichowekwa mbele ya Bwana M mwaka 1957 kilikuwa ni nafasi ya kawaida ya binadamu mwema katika filamu ya gharama kubwa, yenye rangi na skrini pana, na ya kwanza ya bunilizi ya kisayansi ambayo Toho iliipiga kwa skrini ya namna hiyo. Kwa mwigizaji aliyekuwa akipanda ngazi, hiyo ndiyo ilikuwa njia iliyonyooka. Alipoomba nafasi ya kiongozi wa wavamizi alielezwa wazi kwamba uso wake hautaonekana. Alilijua hilo, akaomba hivyohivyo.

Sababu ya kwanza ilikuwa ya moyoni. Bwana M alikuwa mpenzi wa kweli wa habari za anga na vyombo visivyojulikana vinavyosemekana kuonekana angani, naye hakuichukulia bunilizi ya kisayansi kuwa kazi ya watoto. Sababu ya pili ilikuwa ya ufundi. Binadamu mwema katika filamu za aina hii ana kazi chache: anakimbia, anaonyesha kidole angani, anamshika mwanamke mkono, anasikiliza maelezo ya maprofesa. Kiongozi wa wavamizi ndiye anayesukuma hadithi, kwa kuwa ndiye anayetaka kitu.

Na anachotaka kinahitaji mwigizaji hodari. Wavamizi wa filamu hiyo wanatoka katika sayari iliyoangamizwa na vita vya nyuklia, na miili ya kizazi chao imeharibiwa na stronshiamu-90, yaani elementi yenye mionzi inayotokana na milipuko ya nyuklia. Wanapofika duniani wanaomba ardhi ya duara yenye nusu kipenyo cha kilomita 3 tu na ruhusa ya kuoa wanawake wa dunia. Ombi linasemwa kwa utulivu, kama la mgeni mwenye adabu, lakini ndani yake mna utekaji wa nchi na wa watu. Honda, mwongozaji aliyekuwa askari nchini China na ambaye aliporudi mwaka 1946 alipita Hiroshima ikiwa magofu, hakutaka wavamizi wa kuchekesha. Alitaka walioonja adhabu ya nyuklia na bado hawakujifunza chochote. Mwigizaji anayepiga kelele angeliua wazo hilo katika dakika ya kwanza. Lilihitaji mtu anayeweza kuomba kidogo kwa sauti inayomaanisha kingi, na Bwana M alikuwa tayari ameonyesha, katika nafasi ya mkulima, kwamba anajua kuficha jambo kubwa nyuma ya maneno machache.

Kuna sababu ya tatu ambayo naisoma katika orodha ya kazi zake, na uzito wake unaongezeka kila ninapoitazama orodha hiyo. Uso uliomtambulisha ulikuwa uso wa majonzi. Kurosawa mwenyewe alimrudisha mwaka 1961 katika nafasi iliyofanana na ile ya kwanza kiasi cha kushangaza. Mwigizaji anayejulikana kwa hali moja ya uso huanza kuitwa kwa ajili ya hali hiyo tu, na baada ya muda waongozaji huacha kujiuliza ana nini kingine. Kuufunika uso ule kulimlazimu kila mtu, pamoja na yeye mwenyewe, kutafuta kilichobaki.

Matokeo

Tokeo la karibu lilikuwa kwamba Honda aligundua chombo. Nafasi alizompa baada ya 1957 zinafuata njia moja: watu ambao ndani yao kuna kitu kisicho cha kibinadamu, au watu ambao ubinadamu wao unaponyoka. Nafasi kuu ya mwaka 1960 ndiyo tunda lililoiva zaidi. Mtumishi wa maktaba anayegeuka mvuke angeweza kuchezwa kama mwendawazimu, lakini Bwana M alimcheza kama mpenzi mnyenyekevu asiyeona tena kwa nini sheria za watu zimhusu. Kazi hiyo ilimtaka pia ashirikiane kwa makini na kikosi cha mbinu maalumu za picha cha Tsuburaya Eiji, kwa kuwa mtu anapogeuka mvuke nguo zake husinyaa na kuanguka tupu, na mwili wa mwigizaji ulipaswa kuishia katika mkao uleule ambao nguo zingeanzia. Ni kazi ya nidhamu isiyopigiwa makofi.

Tokeo la mbali ni la mwaka 1991. Bwana M, akiwa na miaka 64, aliigiza tajiri mkubwa ambaye katika vita vya Pasifiki kikosi chake kiliokolewa na mnyama ambaye baadaye angekuwa dubwana. Dubwana linapoufikia mnara wake jijini Tokyo, wawili hao wanatazamana kupitia dirisha. Hakuna maneno. Kamera inamtegemea mzee huyo peke yake kuonyesha shukrani, kutambuana na kukubali kifo, kabla ya dubwana kumteketeza. Wapenzi wengi wa mfululizo huo huitaja sehemu hiyo miongoni mwa zinazogusa zaidi, na imejengwa karibu yote juu ya uso wa mtu mmoja.

Uchambuzi: kilichofaa

Kilichofaa kwanza ni kwamba Bwana M alichagua nafasi kwa kuuliza mhusika anataka nini, na swali la ataonekana kwa muda gani likaja baadaye. Nasisitiza jambo hili kwa sababu ndilo linaloweza kuhamishwa na kutumiwa katika sinema ya nchi yoyote. Mhusika mwenye hitaji humpa mwigizaji kazi katika kila tukio, hata tukio ambalo hana la kusema.

Cha pili ni kwamba alipoondolewa uso hakujaribu kuufidia kwa fujo. Waigizaji wengi wakivishwa vazi zito hurusha mikono na kupaza sauti, wakidhani mtazamaji hawaoni. Bwana M alipunguza. Kichwa kinageuka polepole, mwili unasimama wima, sauti haipandi, na kwa kuwa hakuna kinachojongea bila sababu, kila kinachojongea kinasomeka. Mwaka 1965 aliongeza mikono na lugha ya kubuni juu ya msingi huo, na ziada hiyo ilipendeza kwa sababu msingi ulikuwa mtulivu.

Cha tatu ni kuvuka. Hakuacha kwenda kwa Kurosawa alipokuwa akifanya kazi na Honda, wala hakuzichukulia kazi za Honda kama za kujikimu. Nimejaribu kuangalia kama kuna tofauti ya juhudi kati ya tabibu wa Aprili 1965 na mtawala wa sayari wa Desemba mwaka huohuo, na sikuiona. Heshima aliyopata upande mmoja ilimpa uhuru upande wa pili: mwongozaji humwachia abuni lugha nzima mwigizaji anayemwamini.

Uchambuzi: kilichoshindikana

Uamuzi ule haukumfanya nyota. Ukiiondoa nafasi ya mwaka 1960, Bwana M alibaki mtu wa kando, na kwa namna fulani alitoka katika chumba kimoja chembamba akaingia kingine. Mkulima mwenye majonzi alifuatwa na mfululizo wa watu waliotekwa akili, wenye mapepe na wageni wa angani. Nafasi za mwaka 1959 na 1968 zinafanana kama zile za wakulima wawili zilivyofanana. Anayedhani kwamba kuvaa helmeti humkinga mtu na kupachikwa katika aina moja ya wahusika amekosea. Helmeti hubadilisha aina tu.

La uzito zaidi ni kwamba uamuzi huo ulisimama juu ya mkataba wa studio. Bwana M aliweza kukataa nafasi nono kwa sababu mshahara wake haukutegemea nafasi hiyo, na kwa sababu Honda, Tsuburaya na mtayarishaji Tanaka Tomoyuki wangekuwepo mwaka unaofuata na filamu nyingine. Runinga ilipoingia majumbani msingi huo ulibomoka. Watazamaji waliozidi bilioni 1.1 mwaka 1958 walikuwa wamepungua hadi chini ya milioni 260 mwaka 1970. Tsuburaya alifariki Januari 1970, Daiei ikafilisika mwishoni mwa 1971, na Toho nayo ikaachana na utaratibu wa kuwaweka waigizaji kwa mikataba ya kudumu. Kurosawa na Toho walikuwa wamekwishatengana, na filamu ya Aprili 1965 ikawa ya mwisho kwa Bwana M chini ya mwongozaji huyo. Mtu aliyekuwa na milango miwili alijikuta yote imefungwa ndani ya miaka michache, na jukwaa lake likawa zaidi runinga. Mwigizaji wa leo anayefanya kazi kwa malipo ya filamu moja moja hana uzio ule unaofunga, lakini hana pia kivuli chake, na uamuzi kama wa 1957 utamgharimu zaidi.

Kuna hasara nyingine ambayo haitajwi mara nyingi, nayo inatokana na namna filamu hizi zilivyosafiri. Filamu ya 1957 ilisambazwa Marekani mwaka 1959 ikiwa imetiwa sauti za Kiingereza, na ile ya Desemba 1965 ilifika huko mwaka 1970 kwa namna hiyohiyo. Kwa mwigizaji aliyeonyesha uso, kubadilishiwa sauti ni jeraha. Kwa aliyefunikwa uso, ni kufutwa, maana sauti ndiyo iliyokuwa chombo chake kikuu. Mtazamaji wa Marekani aliyemwona kiongozi wa wavamizi wa 1957 hakuuona uso wa Bwana M wala hakuisikia sauti yake. Kilichovuka bahari ni mwendo wa mwili peke yake: mgeuko wa shingo, msimamo, kasi ya hatua. Katika filamu ya 1965 kilichovuka kilikuwa kingi zaidi, kwa sababu safari hiyo sehemu ya uso ilikuwa wazi na mikono ilikuwa na lugha yake, na ishara za mikono haziwezi kufunikwa kwa sauti ya mtu mwingine. Kwa hiyo mwigizaji anayefikiria kukubali nafasi ya kufunikwa uso katika filamu itakayouzwa nchi za nje anapaswa kujadili mambo mawili kabla ya kutia saini: nani atakayetoa sauti katika matoleo ya lugha nyingine, na ni kiasi gani cha mwendo wa mhusika ataachiwa akitunge mwenyewe.